Je, merikebu ndogo za 1:1000 na za 1:1200 zinaweza kupigana kwenye meza moja?

Kilindini:

Wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu wa hapa Mombasa tunaandaa mchezo wa mezani wa vita vya baharini vya enzi ya matanga, na tumekubaliana tangu mwanzo kwamba hatutaanza na vita vya Trafalgar vya 1805, alikopigana Nelson wa Uingereza, kama wafanyavyo wengi, bali na mapigano ya bahari yetu hii ya Hindi. Tumechagua matukio mawili ya mwaka 1810. La kwanza ni pambano la tarehe 3 Julai katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, karibu na Komoro, ambapo kikosi cha Mfaransa Duperré, chenye frigati (merikebu nyepesi za vita za safu moja ya mizinga) Bellone na Minerve pamoja na korveti Victor, iliyo ndogo zaidi, kilizivamia merikebu tatu za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki zilizokuwa zimepakia askari, yaani Ceylon, Windham na Astell. Mbili za kwanza zikatekwa na Astell ikaponyoka. La pili ni vita vya Grand Port vya Agosti mwaka huohuo, katika kisiwa cha Île de France ambacho leo ndicho Morisi, ambako frigati nne za Kiingereza zilijitosa ndani ya ghuba iliyojaa matumbawe, na vita vilipokwisha hapakuwa na hata moja iliyobaki mikononi mwa Waingereza.

Kinachotukwamisha ni vyombo vyenyewe. Mimi ninazo merikebu kadhaa za plastiki za mchezo wa Sails of Glory, ambazo huja zikiwa zimekwisha kupakwa rangi na ni za skeli ya 1:1000, yaani chombo halisi kimepunguzwa mara elfu moja. Nilizipata kwa mjomba wangu aliyeko Uingereza. Mwenzangu anazo za metali za 1:1200, baadhi za mtengenezaji Langton na baadhi za GHQ, alizozikusanya kidogo kidogo. Mwingine ametuletea fungu la mitumba lenye vyombo vikubwa zaidi, ambavyo tunadhani ni vya 1:700. Aliviagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyedai katika tangazo lake kwamba vyote ni vya skeli moja, lakini vilipofika tukakuta havilingani hata vyenyewe kwa vyenyewe.

Ninaomba kujua kwanza kama tofauti ya 1:1000 na 1:1200 inaonekana kweli mezani au ni jambo la vitabuni tu, kwa sababu kwa hesabu ya haraka haraka si tofauti kubwa. Pia ningependa kujua kama merikebu za watengenezaji wawili zilizoandikwa skeli ileile zinaweza kuchanganywa bila wasiwasi. Meza yetu ni ya futi sita kwa nne. Hatutaki kununua mara mbili, maana gharama ya posta na ushuru mara nyingi inapita bei ya chombo chenyewe.

Foromali:

Ndugu Kilindini, kwanza hongera kwa kuchagua Grand Port, kwa sababu ni vita ambavyo vyombo vyake vinahesabika kwa vidole na hivyo mtu anaweza kuvikamilisha vyote bila kufilisika.

Kuhusu swali la kwanza, tofauti inaonekana, na inaonekana mahali pabaya. Manowari ya Kiingereza ya mizinga 74 ya aina ya Bellona, ile iliyoshushwa majini mwaka 1760, ilikuwa na urefu wa futi 168 kwenye sitaha ya mizinga, yaani takriban mita 51. Katika 1:1200 urefu huo unakuwa milimita 43. Sasa ichukue frigati ya mizinga 36 kama Iphigenia, mojawapo ya zile nne zilizoingia Grand Port, ambayo ni ya jamii ya vyombo vya futi 137, sawa na mita 42 hivi. Katika 1:1000 inakuwa milimita 42. Ukiziweka ubavu kwa ubavu, frigati yako na manowari ya mwenzako zitalingana, ingawa kwa kweli moja ilipaswa kuikimbia nyingine mara tu inapoiona. Ukiongeza briki (chombo kidogo cha milingoti miwili) ya kawaida ya Kiingereza ya futi 100 kutoka kwenye fungu la 1:700, hiyo nayo inafika milimita 44. Mtu anayeingia chumbani ataziona zote tatu kuwa ni marika, na mchezo wa enzi ya matanga unategemea sana mchezaji kutambua kwa jicho ni nani mkubwa na ni nani mdogo kabla hajaamua kugeuza usukani.

Vilevile usihesabu urefu peke yake. Chombo kilichozidi kwa sehemu moja ya tano katika urefu kimezidi pia katika upana na katika kimo, kwa hiyo ujazo wake unakuwa mara 1.73, na jicho la mwanadamu huona ujazo. Hesabu ya haraka haraka uliyoifanya inaficha jambo hilo.

Huenda mtu akakushauri kwamba Wafaransa wote wawe wa 1:1000 na Waingereza wote wawe wa 1:1200, ili angalau kila upande uwe na sura yake. Ni kweli kwamba Wafaransa walijenga vyombo virefu: manowari za mizinga 74 za aina ya Téméraire, zilizosanifiwa na Jacques-Noël Sané katika miaka ya 1780, zilikuwa na urefu wa karibu mita 56 dhidi ya 51 za Bellona. Lakini hiyo ni tofauti ya asilimia 9, na ukiongeza juu yake asilimia 20 za skeli utakuwa umewatengenezea Wafaransa majitu. Ninapotaja vipimo hivi, angalieni pia kwamba futi ya Kifaransa ya zamani ilikuwa sentimita 32.5 wakati ya Kiingereza ni 30.5. Wako watengenezaji na wauzaji wanaonakili namba za Kifaransa kana kwamba ni futi za Kiingereza, na chombo kinapungua bila mtu kujua sababu.

Kuhusu watengenezaji wawili katika skeli moja, jibu langu ni kwamba inawezekana, kwa masharti. Chukua kalipa ya vernia upime sitaha ya mizinga, kuanzia mahali ubao wa omo, yaani mbele, unapoanza kupanda hadi kwenye tezi, yaani nyuma. Usipime kutoka ncha ya dasturi, kwa maana dasturi ni mlingoti ulalao na kila mtengenezaji huufanya mrefu au mfupi apendavyo ili usivunjike. Victory, manowari ya Nelson, kwa mfano, ina mita 57 kwenye sitaha ya mizinga lakini inafika mita 69 ukipima kutoka sanamu ya omoni hadi ukingo wa tezi, hata kabla hujaigusa dasturi. Muuzaji mmoja akitangaza urefu wa kwanza na mwenzake akatangaza wa pili, utadhani skeli zao zinapishana kumbe zinakubaliana.

Ukishaona kwamba mwili unalingana, geukia milingoti. Hapo ndipo merikebu za watengenezaji tofauti zinapokataana, kwa sababu mlingoti ukifuata skeli kikamilifu katika 1:1200 unakuwa mwembamba kuliko kijiti cha kuchokolea meno, na kila mtengenezaji ana uamuzi wake kuhusu unene wa kuongeza. Mlingoti mkuu wa Victory ulisimama mita 62 hivi juu ya maji, kwa hiyo katika 1:1200 unapaswa kuwa milimita 52. Nimeshika vyombo ambavyo mwili wake ulikuwa sahihi kabisa lakini milingoti ilikatwa ifae kuingia sanduku. Weka vyombo viwili pamoja, inama hadi macho yako yawe usawa wa meza, kisha tazama kama foromali za chini, yaani miti ya kushikilia matanga, ziko kwenye mstari mmoja. Zikipishana kwa milimita moja hakuna atakayejali. Zikipishana kwa tano, badilisha milingoti ya kimoja.

Njia ninayoipenda mimi ni kugawa watengenezaji kwa vikosi: vyombo vyote vya Langton viwe vya taifa moja na vyote vya GHQ viwe vya taifa la pili. Tofauti ndogo za mtindo wa uchongaji zitasomeka kama tofauti ya viwanda vya mataifa hayo, jambo ambalo kihistoria halina ubaya. Kisha viunganishe kwa vitu vinavyoonekana zaidi kuliko mwili, yaani vitako vya ukubwa mmoja, rangi moja ya bahari, uzi mmoja wa kamba, na bendera za kipimo kimoja. Angalia pia kama mwili umekatwa hasa kwenye usawa wa maji, kwani baadhi huja na kipande cha ziada chini yake, na chombo kinaonekana kama kimepakuliwa shehena yote.

BintiShela:

Shikamoo Mzee Foromali, na salaam kwa Kaka Kilindini. Ninataka kuongeza upande wa kuchapa kwa printa ya 3D, kwa kuwa kwa sisi tulioko mbali na maduka ya Ulaya ndiyo njia inayopunguza gharama ya posta, na pia ndiyo inayokuwezesha kulazimisha vyombo vyote vifuate skeli moja.

Hesabu yake ni nyepesi. Faili lililotengenezwa kwa 1:1000 unalipunguza hadi asilimia 83.3 ili lifae 1:1200, na faili la 1:700 unalipunguza hadi asilimia 58.3. Kinacholeta taabu ni kwamba printa inapunguza kila kitu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo ukingo wa sitaha uliokuwa na unene wa kutosha katika 1:700 unakuja ukiwa mwembamba kama karatasi, na milango ya mizinga inajaa rezini, ule umajimaji ambao printa huugandisha, na kufutika. Mimi huchapa mwili peke yake. Milingoti na foromali nazitengeneza kwa waya wa shaba njano, wa milimita 0.8 kwa sehemu ya chini na 0.5 kwa sehemu ya juu, kisha natoboa sitaha kwa keekee ya mkono na kuupandisha mlingoti ukiwa umeelemea nyuma kidogo, hasa ule wa galme, yaani wa nyuma. Milingoti ya rezini nimeiacha kabisa. Inasimama vizuri siku ya kwanza, lakini kwa joto la pwani inapinda polepole, na mtoto mmoja akipitisha mkono wa shati juu ya meza inakatika yote.

Faida nyingine ni kwamba ukishakuwa na kipimo kimoja cha waya, merikebu ya kuchapa na merikebu ya metali unaweza kuzivalisha milingoti ya namna moja, na hapo ndipo zinapopatana kweli. Anayetaka kujaribu asome masharti ya faili kabla ya kuchapa, kwa sababu mengi yanaruhusu matumizi ya nyumbani na kukataza kuuza. Glavu pia ni za lazima unaposhika rezini ambayo haijakauka.

Mkuku:

Ndugu zangu, ninaheshimu hesabu za Mzee Foromali, ila nadhani mjadala umeelemea mno kwenye milimita na kusahau vita vyenyewe. Kwa Grand Port, jambo la kwanza la kuangalia ni matanga.

Wafaransa walipigana wakiwa wametia nanga karibu na pwani, wamepanga mstari, ubavu umeelekezwa kwa adui. Vyombo vya namna hiyo havina matanga yaliyotandazwa; matanga yamekunjwa kwenye foromali. Waingereza nao waliingia wakipapasa njia kati ya matumbawe, Sirius na Magicienne zikakwama kabla ya kufika mahali pa kupigana ipasavyo, na Néréide ndiyo iliyosogea karibu na kuchakazwa. Merikebu zilizotengenezwa zikiwa na matanga yote yamejaa upepo, kama zilivyo nyingi zinazouzwa zikiwa tayari, zitafaa sana kwa pambano la Mlango-Bahari wa Msumbiji, ambalo lilikuwa la mbio na kufukuzana, lakini kwenye ghuba ya Grand Port zitaonekana kana kwamba zinakwenda mwendo wa kasi juu ya mwamba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza skeli, uliza kama mtengenezaji anauza mwili bila matanga. Za metali zinakupa nafasi hiyo kwa urahisi zaidi, kwani milingoti huunganishwa na mnunuzi mwenyewe. Ukitaka vyombo hivyohivyo vicheze matukio yote mawili, tengeneza seti mbili za milingoti kwa kila frigati ya Kifaransa na usizigandishe kwa gundi. Zichomeke tu kwenye matundu.

Jambo langu la pili ni kuhusu utaifa wa vyombo, kwa sababu litakuokolea fedha. Kati ya frigati nne za Kiingereza, mbili ziliundwa Ufaransa: Magicienne ilitekwa mwaka 1781 na Néréide mwaka 1797. Zote mbili zilikuwa za kizazi cha zamani, zilizosanifiwa kwa mizinga ya ratili 12 (yaani ya kurusha risasi za uzito huo), ndogo kidogo kuliko Bellone yenye mizinga ya ratili 18. Minerve nayo, licha ya kupigana chini ya bendera ya Ufaransa, ilikuwa frigati ya Wareno iliyotekwa na Bellone Novemba 1809. Maana yake ni kwamba ule mpango wa kugawa watengenezaji kwa mataifa, ambao Mzee Foromali ameupendekeza, hapa unayumba. Mimi ningenunua frigati za Kifaransa za aina ya zamani kwa ajili ya Magicienne na Néréide, kisha nizipake rangi ya Kiingereza.

Kwa matukio yote mawili mnahitaji vyombo kumi tu: Bellone, Minerve, Victor, Ceylon, Windham, Astell, Sirius, Iphigenia, Magicienne na Néréide. Tatu za kampuni msizihangaikie sana. Merikebu za India Mashariki zilipakwa mstari wa milango ya mizinga ili zifanane na manowari, na mwaka 1804 karibu na kisiwa cha Pulo Aura Nathaniel Dance, kiongozi wa msafara wa kampuni, alimkimbiza amiri Mfaransa Linois kwa hila hiyohiyo. Frigati yoyote iliyopanuka tumbo, ukiifuta nusu ya mizinga, itapita.

Foromali:

Ndugu Mkuku, kuhusu matanga umesema kweli tupu, na kuhusu Néréide na Magicienne ninakubali pia. Kwa tukio hili mgawanyo wa watengenezaji ufuate asili ya chombo, si bendera. Ila sikubali kwamba skeli ije nyuma. Matanga unaweza kuyang'oa na kuyaweka mengine, lakini mwili ukishakuwa mkubwa hakuna patasi itakayoupunguza. Tena chombo kilichokwama kwenye tumbawe na chombo kilichotia nanga hukaa mahali pamoja saa nzima ya mchezo, wachezaji wakivitazama kwa karibu. Hapo ndipo tofauti ya ukubwa inapochosha macho kuliko katika mbio za bahari kuu.

Kilindini:

Nawashukuru sana, Mzee Foromali, Dada BintiShela na Ndugu Mkuku. Nilijaribu kuziweka frigati yangu moja na manowari ya mwenzangu ubavu kwa ubavu kama ilivyoelezwa, na ni kweli zimelingana, hadi mdogo wangu akauliza kwa nini ile yenye safu mbili za mizinga imebanwa hivyo.

Tumeamua kufuata 1:1200 kwa vyombo vyote kumi. Nimebaki na maswali mawili. Je, zile za 1:1000 niziuze, au ziko njia nyingine ya kuzitumia? Na zile za 1:700, ambazo sasa nimezipima na kuthibitisha, zina faida yoyote kwenye meza ya futi sita?

Foromali:

Za 1:1000 usiziuze. Zina vitako vyake na kadi zake za mwendo zinazopangwa kwenye ukingo wa kitako, na mchezo ule umekamilika wenyewe. Ni mzuri sana kwa kumfundisha mgeni maana ya kuwa upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, kabla hujamkabidhi kanuni ngumu. Zicheze peke yake.

Za 1:700 hazifai kwa vikosi. Hebu fikiria mtu anayetaka kupanga mstari wa Nelson wa manowari 27 kule Trafalgar kwa skeli hiyo: kila chombo pamoja na dasturi na kitako kikichukua sentimita 12 tu, mstari unapita mita tatu, na bado hujaweka nafasi kati ya chombo na chombo. Kwa vita vikubwa kiasi hicho watu hushuka hadi 1:2400, kama zile za mtengenezaji Tumbling Dice, ambako mstari huohuo unatosha kwenye mita moja na ziada. Lakini kwa pambano la chombo kimoja dhidi ya kimoja, 1:700 inapendeza kuliko zote. Frigati Shannon ya Uingereza na Chesapeake ya Marekani zilizopigana mwaka 1813, kwa mfano, zinatosha kabisa meza yenu, na kamba zake unaweza kuzifunga bila kuumiza macho.

Mkuku:

Nyongeza ndogo kabla hamjaagiza. Agizeni kwanza frigati moja moja kwa kila mtengenezaji mnayemfikiria, muipime, ndipo muagize zilizobaki kwa mkupuo mmoja ili ushuru ulipwe mara moja. Ikiwa muuzaji yuko tayari kuwasiliana, mwombeni picha ya mwili ukiwa umelazwa kando ya rula. Anayekataa kupiga picha hiyo mpiteni.

Na bendera zenu zifanyeni za kuchomoa. Waingereza walikwisha kuiteka ngome ya Île de la Passe kwenye mlango wa ghuba, wakapandisha bendera ya Ufaransa ili Duperré aingie bila shaka moyoni, na Ceylon yenyewe mnaihitaji kwa bendera ya Uingereza mwezi Julai na ya Ufaransa mwezi Agosti. Waya wa milimita 0.3 kwenye tezi na kijitundu kilichotobolewa kabla ya kupaka rangi vinatosha.